Padi ya San Andreas kwenye PS2: batani zinavyofanya kazi na jinsi ya kuzoesha vidole

Wadau wa gemu, leo tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakiruka kabisa, nayo ni padi. Mtu anaijua GTA San Andreas mwanzo mwisho, hadithi ya CJ (yule unayemchezesha) na rafiki yake Big Smoke anaweza kukusimulia usiku kucha, chiti zote (batani za siri za kupata vitu vya bure) ziko kichwani, ila ikifika misheni inayotaka ukimbie huku unageuza kamera huku unapiga risasi anakwama hapohapo siku nenda rudi, alafu anasema gemu gumu. Kiukweli gemu yenyewe sio ngumu hivyo, tatizo ni kidole gumba cha kulia kimepewa kazi mbili kwa wakati mmoja na hakuna aliyewahi kumwambia aanze na ipi. Hiyo ndo nataka tuimalize hapa, hatua kwa hatua.

Naongelea toleo la PS2 (PlayStation 2), lile la 2004 lililotengenezwa na Rockstar North kule Edinburgh, Scotland, kwa sababu ndo wengi tulilolikuta kwenye vibanda vya gemu huku Tanzania na Kenya na mpaka leo watu wanalicheza, wengine kwa mashine yenyewe wengine kwa emuleta kwenye simu, yani programu inayoiga mashine ya PS2. Ukilielewa hili, gemu nyingi za aina hii zilizokuja baadae utazishika haraka maana akili ni ileile, wamebadilisha batani mbili tatu tu.

Hatua ya kwanza: kagua padi

Padi ya PS2 ina batani 16: mishale minne, maumbo manne (X, duara, mraba, pembetatu), juu kule kuna L1, L2, R1, R2, alafu Start na Select, na mbili ambazo watu wanazisahau kila siku, L3 na R3, ambazo unazipata kwa kukandamiza stiki yenyewe chini mpaka usikie "tik". Ongezea stiki mbili na ile batani ya ANALOG katikati.

Angalia taa nyekundu ya ANALOG kwanza. Ikiwa imezimwa stiki hazifanyi kazi, unabaki na mishale peke yake, kamera huwezi kuizungusha kabisa, na nimeona mtu anacheza hivyo nusu saa nzima akidhani stiki zimekufa. Bonyeza ANALOG mara moja, taa iwake, endelea.

Kama uko kibandani fanya majaribio haya kabla hujatoa hela. Mwache CJ amesimama, usiguse kitu, uangalie kama anatembea mwenyewe au kamera inazunguka yenyewe, ikiwa hivyo stiki imechoka, omba padi nyingine. Kandamiza L3, CJ achuchumae. Kandamiza R3, kamera iangalie nyuma. Shikilia R1 uone kama analenga bila kukatakata, maana R1 iliyochoka inakuachia adui katikati ya mapigano na hapo utalaumu mikono yako bure.

Hatua ya pili: kila kidole kijue kwao

Gumba la kushoto linakaa kwenye stiki ya kushoto, hilo halina ugomvi, kazi yake ni kutembea na kukata kona, mara mojamoja linashuka kwenye mishale. Kidole cha shahada cha kushoto kwenye L1, cha kati kwenye L2, na kulia vilevile, shahada R1, cha kati R2. Watu wengi wanatumia shahada peke yake kwa batani zote nne za juu, anahangaika kupanda na kushuka kati ya R1 na R2, we zoesha vinne vikae kwao moja kwa moja hata kama mwanzoni mkono utauma kidogo.

Sasa gumba la kulia ndo lenye shida. Maumbo manne yanalihitaji, na stiki ya kulia ambayo ndo kamera inalihitaji pia. Haliwezi kuwa sehemu mbili. Ukibonyeza X kukimbia huna kamera, ukishika kamera huna X. Waliotengeneza gemu walilijua hili vizuri sana, na ukiangalia mpangilio wote wa batani utaona sehemu kubwa umepangwa ili kulipunguzia kazi hilo gumba moja. Shika hiyo akilini tunavyoendelea maana ndo ufunguo wa kila kitu hapa chini.

Jambo jingine dogo, lakini litakusaidia sana kwenye gari: zoea kulilaza gumba la kulia. Yani ncha ya kidole ikae kwenye mraba au juu ya X, alafu ile nyama ya chini karibu na kiungo iweze kugusa batani ya jirani. Kwa X na duara, laza gumba lishike X, alafu likunje kidogo kuelekea kulia libonyeze duara bila kuachia X. Fanya hivyo sasa hivi hata bila kuwasha mashine. Utakuta mwanzo duara inaingia X inatoka, X inaingia duara inatoka. Endelea mpaka zote zikae chini kwa pamoja.

Hatua ya tatu: elewa kwamba batani haina kazi moja

CJ anatembea, anakimbia, anaogelea, anapiga ngumi, anapiga risasi, anaendesha baiskeli, pikipiki, gari, boti, ndege, helikopta, anacheza muziki, anapiga simu, anachora ukutani. Batani ni 16 tu. Hesabu haiendi. Kwa hiyo gemu inaangalia kwanza CJ yuko kwenye hali gani, alafu ndo inaamua batani uliyobonyeza ina maana gani. Kwa miguu X ni kukimbia, garini X ni mafuta, kwenye helikopta X ni kupanda juu. R1 kwa miguu ni kulenga, garini ni hendibreki. L2 na R2 kwa miguu zinabadilisha silaha, ukiwa umeshamlenga mtu zinahamisha shabaha kwa adui mwingine, ukiingia garini zinakuwa macho ya pembeni, ukipanda ndege zinageuza pua ya ndege kushoto na kulia.

Ukijaribu kukariri hii yote kama orodha utachanganyikiwa. Angalia undugu uliopo: X mara nyingi ni "ongeza", mwendo au kimo. Mraba garini na angani ni "punguza". Duara mara nyingi ni "piga". Pembetatu ni mlango, kuingia na kutoka kwenye chombo chochote. Batani za juu ni za macho na shabaha. Ukishaona hivyo, chombo kipya hakikutishi, ukipanda boti kwa mara ya kwanza kidole chenyewe kinaenda X kabla hujafikiri.

Akili hii haikuanza na San Andreas. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 kwenye Nintendo 64 ilikuwa na batani moja inayobadilika kazi kutokana na ulipo, ukiwa mlangoni inafungua, ukiwa karibu na mtu inaongea, na ilikuwa na batani ya kumshika adui mmoja kwa macho kamera isimwache. R1 ya San Andreas ni ndugu wa hiyo kabisa.

Hatua ya nne: kwa miguu

Stiki ya kushoto ukiisukuma kidogo CJ anatembea taratibu, ukiisukuma mpaka mwisho anakimbia kawaida. X ndo mbio zenyewe, na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui: ukiishikilia tu anakimbia, ila ukiigongagonga harakaharaka anaenda kasi zaidi. Pumzi ikiisha anapunguza mwenyewe, hutamlazimisha. Pumzi inaongezeka kwa mazoezi, kukimbia, kuogelea, baiskeli, na gym, kwa hiyo CJ wa mwanzo wa gemu na CJ wa mbele sio mtu mmoja kabisa japo padi ni ileile. Kama umemlisha pizza na baga mpaka kawa bonge usishangae akikimbia vibaya, hapo padi haina kosa.

Mraba ni kuruka, na ukimpeleka mbele ya ukuta mfupi akiruka atadaka ukingo na kupanda. Hii ndo inayookoa watu wakifukuzwa na polisi, tafuta uchochoro wenye ukuta, ruka, unawaacha na magari yao upande wa pili. L3 ni kuchuchumaa. L1 ukiishikilia inakuonyesha takwimu zake, misuli, pumzi, heshima, na simu ikiita ndo unapokelea hapohapo. Mishale ya kushoto na kulia ni ya kujibu watu wanaokusemesha njiani, kulia jibu zuri, kushoto jibu baya, na baadae heshima ikipanda unaweza kumlenga kijana wa Grove Street, genge la CJ, kwa R1 alafu ukabonyeza mshale wa juu akakufuata.

Sasa turudi kwenye gumba. Unakimbia, X iko chini, unataka kuona kona ya kushoto. Usiachie X kwenda kwenye kamera alafu urudi, unapoteza mwendo. Fanya hivi: geuza kabisa uelekeo wa CJ kwa stiki ya kushoto, kamera yenyewe itajivuta polepole ikae nyuma yake. Ukitaka kuangalia kwa uhakika, simama kabisa nyuma ya kitu, ukuta au gari, ndo uzungushe kamera. Mtu aliyezoea utamwona anakimbia vipande vipande, anakimbia, anasimama kwenye kificho, anaangalia, anakimbia tena, na wala haonekani kuhangaika.

Kwenye maji CJ anaogelea, tofauti na Tommy wa Vice City, gemu ya GTA iliyotangulia, aliyekuwa akigusa bahari tu kafa. X anaongeza kasi, duara anazama chini, na ukizama mstari wa pumzi unatokea kwenye skrini, uuangalie huo usiangalie samaki.

Hatua ya tano: kulenga, hapa ndo penye kazi

Shikilia R1 ukiwa na silaha, gemu inamshika adui inayoona ndo wa kwanza, kialama cha pembetatu kinatokea juu ya kichwa chake. Kikiwa kijani mzima, kikienda wekundu kaumia, kikiwa cheusi yuko karibu kufa. Duara kupiga. Mpaka hapo kila mtu anajua, ila angalia wanachokosea.

Kwanza, gemu haijui adui yupi ni hatari kwako, inaangalia nani yuko mbele na karibu. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshika raia aliyepita njia wakati mtu mwenye bunduki anakumaliza. Dawa ni mbili. Moja, kabla ya kubonyeza R1 mgeuze CJ amtazame yule unayemtaka, hata kwa sekunde moja, alafu ndo ushike R1. Mbili, ukiwa umeshalenga gonga L2 au R2 kuhamia kwa wa pembeni. Na ukishammaliza mmoja usiendelee kung'ang'ania R1, achia, shika tena, itachukua mwingine upya. Achia-shika, achia-shika, ndo mdundo wenyewe wa mapigano ya San Andreas, ukiupata huo hata misheni za mbele kama zile za kule mji wa Las Venturas unapita.

Pili, ukiwa umeshikilia R1 gumba la kulia liko huru kwa duara kwa sababu gemu ndo inakushikia kamera. Hii ndo maana kubwa ya ile batani. Umeona sasa? Kamera imehamishwa kutoka kwenye gumba ikapewa kidole cha shahada. Kwa hiyo kwenye vita usiiguse kabisa stiki ya kulia, mwachie R1 kazi ya macho, we stiki ya kushoto ujisogeze pembeni ukwepe, duara upige. Anayeshika stiki ya kulia katikati ya risasi ndo huyo anayekufa kila mara.

Tatu, kuchuchumaa. L3 alafu R1, risasi zinaenda sawa zaidi. Kuna misheni ya mapema inaitwa Nines and AKs inayokufundisha hili kwa kupiga chupa, alafu unafundishwa kupiga tangi la mafuta la gari, usiikimbilie kuimaliza, kaa pale uzoee kabisa maana huko mbele hakuna anayekufundisha tena.

Na ujue kila silaha ina daraja lake la ujuzi. Mwanzoni ukiwa na bastola CJ anatetemeka, shabaha inashika watu wa karibu tu. Ukiitumia sana inapanda, inashika mbali zaidi na anatembea vizuri huku anapiga, na ikifika daraja la juu kabisa la Hitman anashika bastola mbili, moja kila mkono. Kwa hiyo ukiona rafiki yako anamlenga mtu wa mbali na we huwezi, usiseme padi yake nzuri, angalia takwimu zake kwanza.

Bunduki ya kudungua iko tofauti, ukishika R1 unaingia kwenye darubini na hapo hakuna anayekulengea, ni wewe na stiki. Mraba kuvuta karibu, X kurudisha mbali. Sukuma stiki kidogo sana, nusu ya nusu, ukisukuma yote inaruka kupita kichwa.

Kisu kina utamu wake. Mfuate mtu kwa nyuma taratibu, stiki nusu tu usikimbie, ukiwa karibu shika R1, CJ atanyanyua kisu juu tofauti na kawaida, ukiona hivyo ndo duara, anaanguka bila kelele. Ukibonyeza duara kabla mkono haujanyanyuka unakuwa umeanzisha ugomvi wa kawaida na kila mtu kasikia. Misheni ya kuiba kitabu cha mashairi cha rapa Madd Dogg inakwama hapa kwa wengi, na shida yote ni haraka ya duara.

Hatua ya sita: gari, pikipiki na baiskeli

X mafuta, mraba breki na rivasi, stiki ya kushoto usukani, R1 hendibreki, L3 honi, mishale ya juu na chini kubadilisha redio, Select kusogeza kamera mbali au karibu. R3 ukiwa kwenye teksi, ambulansi au gari la polisi inaanzisha kazi ya hilo gari, na ndo maana kuna watu wanajikuta wanatafuta abiria bila kutaka, wamekandamiza stiki bila kujua.

Kukata kona wengi wanashika hendibreki muda wote, gari linazunguka kama pia ya watoto, linatazama lilikotoka. Kuna mpangilio: ukikaribia kona achia X, anza kukata usukani, gonga R1 mara moja tu fupi, mkia ukianza kuteleza achia R1 na urudi X, alafu nyoosha usukani mapema kabla gari halijamaliza kugeuka. Magari yenye nyuma nzito yanateleza sana, punguza kugonga. Ufundi wa kuendesha nao una takwimu yake, ukipanda gari linakusikiliza zaidi.

Kuangalia pembeni ni L2 kushoto, R2 kulia, zote mbili kwa pamoja nyuma. Hapa wametuhurumia tena: gumba liko X haliwezi kuachia, kwa hiyo macho yamepelekwa kwenye vidole vya kati. Kupiga risasi ukiwa unaendesha ni mchanganyiko huo huo, unashika L2 au R2 uangalie upande, alafu duara, na X bado iko chini, ndo ile gumba la kulaza niliyokwambia juu.  Kama bado gumba halijakubali, fanya ujanja: pata kasi kwanza kwenye njia iliyonyooka, achia X, gari linaserereka lenyewe, piga duara, rudi X.

Kwenye ile misheni ya treni, Wrong Side of the Tracks, iliyotesa watu dunia nzima, padi haikudai upige risasi hata moja. Anayepiga ni Big Smoke aliyepanda nyuma yako kwenye pikipiki. Kazi yako ni kumpa pembe ya kuona juu ya paa la behewa, na ukiwa umebanana na treni haoni kitu, anapiga ubavu wa behewa. Kaa upande wa kulia wa reli, jitenge kidogo na treni, uende sambamba na wale maadui walio juu ya treni, mwendo wako ulingane na wao. X unaigonga na kuachia kulinda mwendo, sio kuikandamiza mpaka mwisho. Ukiona jamaa wamebaki wawili usikimbilie mbele, tulia hapohapo sambamba.

Pikipiki ongeza hii: stiki ya kushoto mbele na nyuma inalaza mwili wa CJ. Akiinama mbele inakimbia zaidi, ukivuta nyuma tairi la mbele linanyanyuka. Baiskeli X unaigongagonga kama mbio za miguu, na L1 ni kuruka, ukiishikilia muda mrefu kabla ya kuachia anaruka juu zaidi. Gari lenye haidroliki stiki ya kulia ndo inayolirusha, na shindano la kule kwa Cesar Vialpando ni stiki hiyo tu, unasukuma upande unaoonyeshwa mshale ukifika kwenye duara, sikiliza ngoma badala ya kukodolea mshale utapatia zaidi.

Hatua ya saba: angani

Watu wengi wanaachia gemu kwenye shule ya urubani pale uwanja wa jangwani, Verdant Meadows. Sababu kubwa ni stiki. Kwenye ndege ukivuta stiki kuja kwako, chini, pua inapanda juu, ukisukuma mbele pua inashuka. Akili inakataa mwanzoni. Na kushoto-kulia ya stiki hailigeuzi ndege, inalilaza ubavu. Kugeuka kwenyewe ni kulilaza ubavu alafu kuvuta stiki kuja kwako polepole, ndege linazunguka. L2 na R2 ni za kurekebisha kidogo tu, kunyoosha pua iingie kwenye duara linalofuata au kukaa sawa na barabara ya kutua, ukizitegemea hizo kwa kona kubwa utazunguka eneo lote la jangwa.

R3 kukunja magurudumu ukishapaa, ndege linakuwa jepesi linaenda kasi. Kutua unayatoa tena kwa R3, ukisahau unatua kwa tumbo. Kwenye Hydra, ile ndege ya kivita, stiki ya kulia inageuza mapua ya injini, chini linapaa wima, nyuma linakimbia.

Helikopta rahisi zaidi ukishakubali kwamba X sio mwendo, ni kimo. Mwendo wa mbele unatokana na kuinamisha pua kwa stiki. Mraba kushuka. Panda kwanza mpaka juu ya majengo yote, ndo uanze kuinamisha.

Hatua ya nane: mazoezi, na simu kwa wasio na mashine

Zoezi zuri la kwanza gemu imeshakupa. Mwanzo kabisa polisi wanamtupa CJ kwenye eneo la Ballas, genge la maadui, na baiskeli iko hapohapo, kabla hujaenda Grove Street zunguka kwanza, ruka kwa L1, gongagonga X, shuka, panda, zungusha kamera. Hakuna saa inayokuhesabia. Baada ya hapo maegesho yoyote makubwa fanya zile kona za kugonga R1. Ya tatu ni ya vidole tupu, nayo ni chiti. Ile ya afya, vesti na hela: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Itoe bila kuangalia padi, mara ya kwanza taratibu, alafu haraka. Ikikubali ujue vidole vya juu na gumba la kushoto vimeshajua kwao, na ukiwa garini inakutengenezea na gari lenyewe. Seva gemu yako kabla, sio baada, maana gemu yenyewe inashauri usiseve ukishatumia chiti.

Kwenye menyu ya Start kuna sehemu ya padi, ingia uone mpangilio wa batani na mtetemo, kama padi ya kibandani inatetemeka mpaka inakukera zima. Usibadilishe mpangilio wa batani lakini kama unacheza sehemu nyingi tofauti, vidole vitachanganyikiwa ukirudi kwenye mashine ya mtu mwingine.

Kwenye kompyuta mambo yanabadilika kidogo, W, A, S, D kutembea, maus ndo kamera na kulenga, kwa hiyo lile tatizo la gumba halipo kabisa, mkono mmoja macho mwingine miguu. Kulenga kwa maus ni kitamu, kuendesha ndege kwa kibodi ni mateso.

Toleo la simu lililotoka 2013 halina batani za kushika, unagusa adui kwenye skrini ndo shabaha inamkamata, na kwenye kuendesha wamekupa mitindo mitatu uchague. Chukua ile unayoweza kukata kona bila kidole chako kufunika barabara. Ukicheza la PS2 kwa emuleta ingia kwenye mipangilio ya padi ya skrini, kuza X na duara, zisogeze zikaribiane gumba liweze kuzilaza zote mbili, L2 na R2 zipandishe juu kabisa kwenye kona ili shahada zifike wakati gumba liko kwenye X, na hakikisha L3 na R3 umeziweka sehemu kwa sababu mara nyingi zinakuja zimefichwa. Ukiwa na padi ya blututhi iunganishe, alafu kabla ya kuingia misheni rudia ule ukaguzi wa hatua ya kwanza wote, hasa L2 na R2, maana padi nyingi za bei nafuu zinakuja zimebadilishana na L1 na R1 na inabidi uzipange upya kwenye emuleta moja moja.